Mikono Chini ya Kitenge

Mafuta ya mawese hayana adabu. Yakishashika mkono, hata ukiusugua kwa majivu na kuusuuza, utelezi hubaki kwenye mistari ya kiganja mpaka kesho yake. Kila mtu wa Simbo analijua hilo, na kila mtu wa Simbo hulisahau siku ya kukamua, maana siku ya kukamua kazi haingoji mikono ikauke.

Ndivyo alivyosahau Gervasi. Alikuwa amechuchumaa uani, mkungu wa chikichi kati ya miguu yake, anaukatakata kwa shoka ili mbegu ziachane na miiba. Mkewe Honorata alikuwa nyuma ya nyumba akitafuta kuni. Mkamwana wao Restituta alisimama kwenye pipa la kuchemshia, anakoroga kwa mti mrefu, mgongo ameupa uwanja. Hakuwa amenuna. Katika nyumba ile mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, hamgusi hata upindo wa shati. Akimwekea chakula anakitua chini na kuondoka, ndipo mzee anasogea kula. Restituta alikuwa Mrundi, ameletwa na vita ng'ambo hii ya ziwa, lakini adabu hiyo hakuja kufundishwa Simbo. Kwao nako wanayo. Hata Mzee Eliakimu, kaka yake Gervasi, ambaye mpaka siku hiyo alimwita Restituta mgeni kwa kuwa ndoa yake haikuwa na mjomba wala baba wa kuja kukaa kwenye mkeka, alikiri mara moja kwamba mgeni huyu heshima anayo.

Shoka liliteleza. Mpini ulikuwa na mafuta, kiganja kilikuwa na mafuta, na chuma kikaenda kilikotaka chenyewe. Gervasi alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau mjini. Restituta hakugeuka. Aliona kijito chekundu kinakuja kwenye vumbi mpaka karibu na kisigino chake, akadhani mzee amemwaga mawese. Kisha akaona kwamba mawese huwa na umanjano kwa ndani, na hiki hakikuwa nao. Tena kilikuwa kinakuja kwa mikupuo.

"Mabukwe," aliita, kwa neno la kwao la mama mkwe. "Acha kuni, njoo. Baba yake Meshack ameumia."

Honorata alikuja na kuni mkononi bado. Mume wake alikuwa amekaa chini, ameshika paja la kulia kwa juu kabisa, kinenani, pale kaptula inaposhonwa, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake kana kwamba havipo.

Restituta alikuwa ameshaondoka pale penye pipa. Alikwenda nyuma ya ua wa matete, akasimama huko na mgongo wake umegusa matete, mtoto wake Agnesi amemshika sketi. Kutoka pale aliweza kusikia kila kitu na asione kitu. Katika kambi ya wakimbizi, kabla mumewe Meshack hajamwoa, alikuwa mmoja wa wasichana waliofundishwa kufunga majeraha kwenye hema la wagonjwa. Walijifunza kwa kufungana wao kwa wao, wakicheka. Sasa alisema polepole, kama anayemsomea mtu sala.

"Mlaze chali, mama. Chukua khanga iliyoko kwenye kamba, hiyo kavu. Ikunje uisukume ndani ya kidonda, ndani kabisa, usiogope. Halafu weka viganja vyote viwili juu yake, nyoosha mikono, ulalie kwa uzito wako wote. Usiachie. Na usifunue kutazama."

Honorata alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio kwa miaka mingi ya kukamua, na vilimuuma kabla hata hajaanza. Akakandamiza, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akaona khanga imelowa, akataka kujua kama damu imekata. Mtu gani anayepika asifunue chungu? Akainua pembe ya khanga. Damu iliyokuwa imeanza kutulia ikarudi upya.

Restituta alisikia mzee anavuta pumzi kwa meno. Akauliza kama amefunua.

"Kidogo tu."

"Usifunue tena, mama. Ikilowa, ongeza nyingine juu. Ya chini iache, ndiyo inayoshika."

Habari katika Simbo haisubiri kutumwa. Wa kwanza kufika alikuwa Leonia, jirani wa upande wa migomba, na alikuja na kigae kimejaa majivu ya maganda ya chikichi, yale yanayochemshiwa sabuni. Alisema mama yake alimtibu mtu kwa majivu hayo. Sauti kutoka nyuma ya ua ikamwomba asiyaweke, maana yataunguza nyama na damu itayasukuma nje. Leonia aliuliza ni nani anayesema na matete. Akaambiwa. Akaweka kigae chini lakini hakukitupa, akikiangalia kwa huruma kama mtu aliyekataliwa zawadi.

Akaja Feliksi na mpira wa ndani wa baiskeli, amekwisha kuukata. Yeye angalau alikuwa na la maana, kwani mguu ungejeruhiwa kwenye goti, au hata katikati ya paja, mpira ule ungefungwa juu ya kidonda na damu ingezuiliwa. Alipiga magoti, akautafutia mahali pa kupita, akaona kwamba juu ya kidonda hakuna tena mguu, kuna kiuno. Alisimama, mpira unaning'inia.

"Hapafungiki," alisema Restituta kutoka huko aliko. "Ni mikono tu. Kaka Feliksi, nenda barabarani uzuie gari lolote."

Feliksi akatoka mbio.

Ndipo akaja Mzee Eliakimu. Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, na koti lake la kijivu, na fimbo. Alipiga makofi ya heshima, akasema mwidiwe, akaitikiwa na wote waliokuwa uani, hata na Honorata ambaye hakuwa na mkono wa kupiga makofi. Salamu haina haraka. Kisha akasogea alipolala mdogo wake, na kila mtu akampisha, kwa sababu mkubwa wa ukoo akija kumwona mgonjwa ni lazima amwone. Asiyeonyeshwa kidonda amefanywa mpita njia. Honorata alilijua hilo, na tangu aolewe hakuwahi kumkatalia shemeji yake neno. Aliinamisha kichwa tu.

Eliakimu aliinama, akashika khanga zote mbili kwa vidole viwili, ya juu na ya chini, akaziinua kama anayetazama maharage kama yameiva. Zilikuwa zimeshikamana na nyama. Ziliachia kwa sauti ambayo Leonia aliikumbuka muda mrefu. Damu iliruka, ikapata mkono wa koti.

"Ni kikubwa," alisema Eliakimu. Akasogea pembeni kujifuta, wajibu wake umekwisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vibaya kwa haraka. Honorata alirudisha khanga na kukandamiza, lakini vidole vilikuwa vimegoma. Alivitazama vinafunguka vyenyewe, kama vya mtu mwingine. Leonia akachukua nafasi yake. Leonia alikuwa na moyo mwema na mkono mwepesi. Aligusa kama anayegusa mtoto aliyelala, damu ikapita chini ya viganja vyake, naye akaona joto lake, akaenda kutapika kwenye migomba. Gervasi alikuwa amebadilika rangi midomo. Jua lilikuwa limesimama kichwani, naye alisema anasikia baridi, wamfunike.

Restituta alimsikia akisema baridi. Alimtoa Agnesi mkono kwenye sketi yake, akamwambia akae pale pale, akazunguka ua na kusimama kwenye mwanya wa matete, macho chini.

"Unakwenda wapi?" Mzee Eliakimu alimuuliza.

Hakusogea. Mbele yake kulikuwa na hatua chache za vumbi lenye damu, na alijua zinaelekea wapi. Mwanamke mwenye kwao akikosa anarudishwa kwao, wanakaa, wanakunywa pombe, wanatoa mbuzi, analetwa tena. Yeye arudishwe wapi? Kambini, na mumewe yuko ziwani na wavuvi wa dagaa mpaka mwezi uwe mkubwa, dagaa wasipovulika. Na wakati ule polisi walikuwa wanapita vijijini kuwakusanya Warundi wote waliokaa nje ya kambi. Mlinzi wake alikuwa ukoo huu peke yake, na mkubwa wa ukoo alikuwa amesimama hapo na fimbo.

Gervasi naye alikuwa na yake ya kusema. Hakufumbua macho. "Asinisogelee. Hapo nilipoumia si pa mkamwana. Niacheni na heshima yangu."

Honorata alimtazama mume wake. Aliangalia vidole vyake mwenyewe. Halafu, mbele ya shemeji na jirani, akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni lililochakaa la kufanyia kazi. Kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, kilichotoka Zaire kwa mtumbwi wa wafanyabiashara, na Simbo nzima ilikijua kwa sababu hakuwa na kingine cha namna ile. Asubuhi alikuwa amekivaa tu kwa kuwa vingine vimefuliwa. Alikitandaza juu ya tumbo na mapaja ya mumewe mpaka magotini.

"Mama Agnesi, njoo," alisema. "Ingiza mikono huku chini ya kitenge changu." Kisha akainama kwenye sikio la mzee. "Na wewe nyamaza. Aliyekushika ni mimi."

Restituta alikuja. Alipiga magoti, akageuza uso akatazama migomba, na mikono yake ikaingia chini ya ndege wale wa bluu kama ya mtu anayetafuta kitu gizani. Alizipapasa khanga zilizolowa, hakuzitoa. Akaomba nyingine, akaisukuma ndani kwa vidole mpaka ikakataa kuingia, akaongeza nyingine tena juu, akanyoosha viwiko na kulala juu yake kwa uzito wote alionao. Gervasi alilia. Hakuachia. Alimwambia Leonia, aliyekuwa amerudi na aibu yake, aweke gunia chini ya mguu uinuke, na alete blanketi. Gervasi aliomba maji. Restituta akasema asipewe, alowanishwe midomo tu.

Kijito kilichokuwa kinatembea kwenye vumbi kikasimama, kikaanza kukauka pembeni.

Feliksi alirudi amekaa mlangoni mwa pikapu ya Isaka, mchuuzi wa mkaa na mawese, ambaye alikuwa akilalamika tangu barabarani. Isaka alisema yeye habebi watu wanaovuja damu, maana polisi wakiona damu garini humhoji dereva kwanza. Alipoona anayelia chini ni Gervasi, ambaye humuuzia mafuta kila msimu, alishuka akashusha magunia mawili mwenyewe.

Walimwinua mzee na mkeka wake. Restituta alikwenda nao amejikunja, hatua kwa hatua, mikono chini ya kitenge, akapandishwa kwa kusukumwa mgongoni. Garini hapakuwa na nafasi ya kukaa ubavuni, hivyo ilibidi apige magoti goti moja huku na goti moja huku, baba mkwe katikati. Honorata akapanda, akashika mguu. Eliakimu akakaa mbele na Isaka. Agnesi alibaki kwa Leonia, na hakulia mpaka gari lilipoondoka.

*

Njia ya kutoka Simbo hupita sokoni, na siku hiyo kulikuwa na gulio.

Watu waliona kilichokuwepo: mkamwana juu ya baba mkwe, kitenge kinapepea. Damu haikuonekana kwa mbali. Wanawake wa mihogo walisimama. Mmoja aliziba mdomo. Kijana mmoja wa vijiweni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe ng'ambo ndivyo wanavyowasalimia wakwe, na kicheko kikalifuata gari mpaka kwenye kona. Restituta alitazama mbao za ubavuni mwa gari. Machozi yalimtoka yakadondokea kwenye kitenge. Hakuwa na mkono wa kuyafuta. Honorata aliyafuta kwa upande wa gauni lake, kama anavyofutwa mtoto makamasi.

Kwenye daraja la Luiche kulikuwa na kizuizi. Askari alikuwa kijana, ametoka mikoa ya mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alitazama nyuma ya gari, akawataka wote wanaoweza kutembea washuke. Honorata alieleza kuna mgonjwa. Askari aliona mgonjwa, lakini aliona pia mwanamke asiyeinua macho, na siku hizo aliambiwa awaangalie hao hasa. Akamuuliza Restituta anatoka wapi.

"Simbo, afande."

Ilitosha. Maneno mawili, na lafudhi yote ya ng'ambo ilikuwa ndani yake.

"Kibali cha kutoka kambini?"

"Nimeolewa Simbo. Huyu ni baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Restituta alifunga mdomo. Jina lilikuwa jepesi, mtoto yeyote wa Simbo angelitaja. Alifungua mdomo tena, midomo ikatafuta njia nyingine. Akasema ni baba yake Meshack. Akasema ni babu yake Agnesi. Akasema ni mwenye michikichi ile ya upande wa mtoni.

"Nimekuuliza jina. Mkwe wako humjui jina?" Askari aligonga ubavu wa gari. "Inua mikono, shuka."

"Afande, nikiinua mikono anakufa. Nikamate hospitalini, sitakimbia."

Honorata alianza kusema, askari akamnyooshea kidole anyamaze kwanza. Alikwenda dirishani kwa waliokaa mbele. Alimuuliza mzee mwenye koti kama anamfahamu yule mwanamke.

Eliakimu alitazama mto. Maji ya Luiche yalikuwa ya udongo, yanakwenda taratibu kwenye mpunga. Lingekuwa jambo rahisi sana. Asingehitaji hata kudanganya. Angesema tu kwamba ni mgeni, neno alilolisema kila siku. Alishusha macho akaona mkono wa koti lake, pale damu ya mdogo wake ilipoanza kuwa nyeusi.

"Ni mkamwana wetu," alisema. "Jina hawezi kulitaja. Anaitwa Gervasi, ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Kwa nini hawezi?"

"Ni heshima. Mkamwana hataji wala hagusi."

Askari alirudi nyuma akatazama vizuri, kisha akarudi dirishani. "Hagusi, mzee? Na amempanda hivyo?"

Isaka alikohoa kuzuia kicheko. Jibu lilitoka nyuma, kwa Honorata, ambaye alikuwa amechoka kunyamazishwa.

"Hajamgusa. Hicho ni kitenge changu, na huyo ni mume wangu. Mimi ndiye niliyemshika. Mikono ya kwangu ni mibovu, nimeazima. Fungua njia, baba, damu hii haina kibali nayo."

Askari aliitazama mikono ya mama yule, iliyovimba, iliyo wazi, isiyoshika kitu. Akainua mti wa kizuizi.

Wakapita Ujiji, wakapita Kasingirima na Buzebazeba, Isaka akipiga honi kwa baiskeli na mbuzi. Restituta mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka mabegani. Alijua bado inakandamiza kwa sababu tu aliona doa kwenye kitenge haliongezeki. Hospitalini nesi aliyeitwa Sia, mtu wa Moshi, alimwambia aachie. Hakuachia. Sia akarudia, akaweka mikono yake mwenyewe juu ya mikono ile. "Sasa tumeshika sisi, mama. Achia." Ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja.

*

Gervasi hakufa. Alishonwa, akawekewa damu aliyotoa Feliksi, aliyewafuata baadaye, na damu aliyotoa mtu asiyemjua, akakaa kitandani mpaka akaanza kulalamikia uji. Siku aliyorudishwa Simbo mwezi ulikuwa mkubwa, kwa hiyo Meshack alikuwepo nyumbani, ananuka dagaa, hajui akae wapi.

Hajui, kwa sababu Mzee Eliakimu alikuwa amekuja na wazee wawili. Walikaa uani kwenye vigoda, pombe ya ndizi katikati. Restituta alikuwa jikoni, nyuma ya matete, ambako sauti hufika. Eliakimu alianza mbali, kwa mvua na bei ya mbegu, kisha akafika. Alisema kwa polisi alisema alichosema, maana la nyumbani halitupwi barabarani. Lakini sasa wako nyumbani. Soko zima liliona. Mkamwana amemgusa baba mkwe, tena pale. Kwa desturi arudi kwao, watu wake walete mbuzi na pombe, ndipo aingie tena. Kama hana kwao, hilo si kosa la ukoo.

Meshack alisema mkewe akitoka, yeye anatoka naye. Mzee mmoja akamwambia akae, bado hajaulizwa.

Gervasi alikuwa ameegemezwa ukutani na mito. Aliinua mkono. Alikuwa amelifikiria neno lake tangu hospitali, na alilisema kwa fahari: huyu kwake si mkamwana tena, amemfanya binti, na binti humgusa baba yake akiugua.

Kisha Eliakimu akauliza taratibu, "Basi Meshack amemwoa dada yake?"

Wazee wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Hata Leonia, aliyejifanya amekuja kuazima ungo, alicheka. Gervasi akajibanza kwenye mito yake, neno lake zuri limevunjika. Nyuma ya matete hapakuwa na aliyecheka.

Honorata alikuwa amekaa mlangoni muda wote huo. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitenge kimekunjwa. Alikitandaza kwenye vumbi katikati ya vigoda, ikabidi wazee warudishe miguu. Alikuwa amekifua mara nyingi. Njano ilikuwa imepauka, na katikati ndege watatu walibaki na rangi ya kutu.

"Hiki ni cha nani?"

Walisema ni chake. Nani asiyekijua.

"Kilikuwa juu ya mume wangu. Kuna aliyeona mkono wa mtu chini yake?" Alimgeukia mzee wa kwanza, akamgeukia wa pili. Hawakuwepo, hawakuona. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Uliona mkono?"

Eliakimu alisema mkono hakuuona, lakini kila mtu anajua ulikuwepo. Akasema kama ni hivyo, basi jambo hili lifunuliwe lote, waulizwe waliokuwa sokoni, aulizwe Isaka, aitwe mwanamke mwenyewe aseme aligusa nini na hakugusa nini.

Honorata aliokota kitenge chake, akaanza kukikunja. Vidole vilimchukua muda. Wote walimsubiri.

"Kidonda kikishafungwa hakifunuliwi, shemeji," alisema. "Ulifunua mara moja. Tuliona."

Leonia alitazama ungo. Gervasi alitazama mkono wa koti la kaka yake, ambako doa lilikuwa bado lipo, limeishinda sabuni kama lile la kwenye kitenge. Eliakimu naye alilitazama. Alilifunika kwa kiganja cha mkono mwingine, akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Kisha akaomba kata, akanywa, akampitishia mzee wa jirani. Akauliza bei ya mbegu za chikichi mwaka huu inasemaje.

Jua lilipopungua makali waliaga. Njia yao ilipita mbele ya jiko. Restituta alisikia fimbo, akageuka akaupa mgongo uwanja kama inavyotakiwa. Fimbo ilisimama. Upande wa pili wa matete yalisikika makofi mawili ya taratibu, ya mtu mzima, na sauti ikisema mwidiwe. Mzee Eliakimu hakuwahi kumsalimu yeye kwanza. Restituta alipiga makofi yake, akaitikia kwa heshima, hakugeuka. Fimbo ikaendelea.

Jioni ile ile bendeji ya Gervasi ililegea. Honorata alijaribu kuikaza, fundo likamshinda mara ya kwanza na ya pili. Alikwenda mlangoni, kitenge mkononi, akamwita Mama Agnesi.

Gervasi aliinua macho akatazama kenchi za paa. Restituta aligeuza uso akatazama ukuta. Honorata, baada ya kuwatandikia ndege wake, alitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu anapita. Na chini ya kitenge bendeji ikazungushwa, ikavutwa, ikafungwa sawasawa.